Wawa Nyuma ya Distoshen

Mwalimu wa kemia alikuwa amepewa muda hadi Jumamosi. Aliyempa ni dada yake mkubwa, msusi wa nywele na mwimbaji wa bendi yao ya watu wanne, na alimpa mbele ya mashahidi: mumewe, fundi wa makochi ambaye ndiye mpiga ngoma, na baba yao mdogo, mpiga besi, ambaye huongea pale tu waya unapokatika.

"Hilo gitaa lako linaimba juu yangu," dada alisema. "Nikifungua mdomo, nalo linafungua. Mimi sijaolewa uke wenza na gitaa. Kama halitapata adabu, ukumbini Jumamosi atapiga yule kijana wa kinanda, na wewe utanishikia mkoba."

"Yule anapiga huku anatafuna, dada."

"Anatafuna kwa mdomo wake. Kinanda chake kinajua kunyamaza."

Malalamiko yenyewe yalikuwa na ukweli. Mwalimu alitumia pedali mbili. Moja, distoshen, huikwaruza sauti ya gitaa mpaka iwe nene na yenye makali. Ya pili, wawa, hukanyagwa mbele na nyuma kama pedali ya cherehani, na gitaa hutamka kile kinachoipa jina: wa-wa. Zikiwashwa pamoja, gitaa lake lilipata sauti ya mtu anayebishana, tena kwa kimo kile kile cha sauti ya dada. Alikuwa amepiga miaka mingi nyuma ya wenzake, akijaza tu. Wimbo waliogombania ndio pekee aliopewa kuongoza kwa gitaa, na hakuwa tayari kuuachia.

Shemeji yake alitaka kumsaidia. Mazoezi walifanyia kwenye karakana yake, katikati ya makochi yasiyo na vitambaa, kwa kuwa marobota ya sponji yalimeza kelele na majirani hawakuwa na la kusema. Alizichukua pedali, zilizokuwa zikilala sakafuni katika msokoto wa nyaya, akaahidi kuzitengenezea kitanda. Alhamisi jioni akakifunua: ubao uliovikwa ngozi ya bandia rangi ya kahawa, kingo zimeshonwa mshono wa mara mbili, nyaya zimekatwa kwa kipimo na kugandishwa kwa gundi chini ya ngozi.

"Unaonaje, shem?"

"Naona aibu kuukanyaga. Huu ni wa sebuleni."

"Kanyaga bwana, nimeweka na miguu ya mpira."

Wakaanza wimbo. Mguu wa mwalimu ulipokwenda mbele, gitaa lilitoa mlio wa bati linaloburutwa juu ya sakafu ya saruji. Baba mdogo aliacha besi akaziba masikio, na hayo yakawa maoni yake.

"Heee!" dada alisema. "Kwanza lilikuwa linabishana. Sasa limeota meno."

Mwalimu alikagua kimoja kimoja. Gitaa lilikuwa lile lile, spika ile ile, wimbo ule ule. Kilichobadilika ni ubao. Akapiga magoti akafuata waya kwa kidole. Ulitoka kwenye gitaa ukaingia kwenye distoshen, ukatoka hapo ukaingia kwenye wawa, ndipo ukaenda kwenye amplifaya. Yeye siku zote alitanguliza wawa.

"Shemeji, nani alikwambia uzipange hivi?"

"Jicho. Hiyo wawa kubwa ikikaa kulia, ubao unaonekana umelemaa, kama kochi lililokatwa mguu. Nikaihamishia kushoto, nikaweka nyaya ziifuate. Kwani umeme unajali nani amekaa wapi?"

"Unajali sana."

Akamweleza. Wawa ikitangulia, huchagua kipande kimoja cha sauti, na distoshen hukikwaruza hicho kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana gitaa huonekana lina mdomo. Wawa ikifuata, hupokea sauti iliyokwisha kukwaruzwa, yenye makali tele, na kazi yake huwa kuyafungulia au kuyafungia. Kisigino kikilala, yamefungiwa. Ncha ya mguu ikifika mwisho, yote yametoka nje kwa pamoja.

"Basi nitabandua," fundi alisema, akiutazama mshono wake kwa uso wa mtu aliyeambiwa avunje nyumba yake.

Mwalimu alikuwa na nyaya mbili ndefu kwenye mkoba. Angeweza kuunganisha kwa juu, kwa mpango wa zamani, bila kugusa hata uzi. Lakini mpango wa zamani ndio uliomletea ilani. Huu mpya ulikuwa na kosa moja tu, na kosa lilikaa mwisho wa mwendo wa mguu.

"Usibandue. Nikatie sponji ya kuweka chini ya ncha ya pedali, isiweze kushuka mpaka chini."

"Ya kukalia au ya kuegemea?"

"Ngumu kuliko zote ulizonazo."

Kipande cha kwanza kilizidi unene, pedali ikakataa kuinama. Cha pili kiliiruhusu kufika nusu na kidogo. Mwalimu akapunguza distoshen pia. Kulibaki jambo moja: swichi ya wawa ilikuwa chini ya ncha hiyo hiyo. Ilibidi kuiwasha kabla ya kutia sponji, na baada ya hapo haikuzimika tena.

"Kwa hiyo itanipigia wa-wa wimbo mzima?" dada aliuliza.

"Imba tu, dada."

Dada akaimba, uso umekaa tayari kwa ugomvi. Kwa kuwa wawa haikuzimika, mwalimu hakuwa na la kufanya ila kulaza kisigino, na hapo gitaa lilifunikwa, likawa mvumo mzito chini ya maneno. Dada alipovuta pumzi, mguu ulikwenda mbele, na sauti ikafunguka polepole, pana, isiyofanana na ya mtu yeyote. Alipoanza tena, ikajifunga. Katika ubeti wa mwisho aliuvuta mstari makusudi, akiuvuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, aone kama gitaa litadandia. Halikudandia. Akakubali kuishiwa pumzi, ndipo lilipoingia.

Fundi alikosa pigo moja la ngoma kwa kucheka. Baba mdogo alisema, "Afadhali," na wote wakageuka kumtazama.

Dada alikaa juu ya kochi lisilo na kitambaa, akatoa simu.

"Kijana wangu, habari za jioni? Ee. Jumamosi usijisumbue, baba." Akasikiliza, akimkazia macho mdogo wake. "Hapana, hapana, kupiga unajua. Ila kwenye kiti hicho ameshakaa mtu." Akaiweka simu mapajani. "We mwalimu, mbona umeduwaa? Huo wimbo una beti nne, na mimi sijaridhika na ule wa pili. Shusha kisigino chako tuanze."