Kamba ya Tuba

Tuba ya Kizito, lile tarumbeta nene la bendi, ilikuwa kubwa hivi: kuku aliingia mle ndani kutaga, akatoka wiki tatu baadaye na vifaranga kumi, na muda wote huo mwenye kuku alikuwa akimlaumu mwewe.

Haikuzaliwa na ukubwa ule. Kizito alipostaafu bendi, ilikuwa tuba ya kawaida ya vali tatu za kubonyeza. Ni Cheruiyot, fundi wa jua kali wa pale Kitale, aliyeiongezea vali ya nne kutoka kwa pampu ya baiskeli, akapanua tumbo lake kwa shaba ya bomba kuukuu la kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Pa kupulizia akachomea paipu ya trekta, na kwa kuwa vikombe vya kupulizia vya dukani vilitumbukia humo vikapotea, akachonga kingine cha saizi yake. Tangu hapo Kizito akiipuliza Kitale, ng'ombe wa Suam, kule mpakani, walijipanga foleni wakidhani wameitwa josho.

Sasa mahindi yalikuwa yamekauka shambani, na stoo ilikuwa imejaa tuba.

"Baba Tonny," mkewe Edinah alimwambia, "Jumatatu nikipata hiyo kitu yako kwa stoo, ule mtu wa vyuma chakavu anaibeba kwa kilo. Mahindi haitalala nje ati juu ya tarumbeta."

Kizito alijua maana ya kilo. Kilo ni nyundo, halafu moto, halafu sufuria. Miaka thelathini amekipa chombo kile pumzi zake. Leo kije kipike maharagwe ya mtu? Alitaka kukiona kimekwenda kwa mpulizaji.

Ijumaa mpulizaji akaja: Fridah, kiongozi wa bendi ya kanisa moja kule Mabanga, karibu na Bungoma. Tuba yao ilikuwa imepasuka, na Jumapili walikuwa na maandamano ya kufungua kanisa jipya. Akaizunguka ile kubwa kama mtu aliye kwenye mnada wa mifugo. Akaipapasa mbavu. Akachungulia ndani.

"Mzee, hii ulikuwa unailisha nini?"

"Hewa tu, mama. Lakini hewa ya Kitale ina siagi."

Fridah akapuliza noti moja. Mabati yakatetemeka, na parachichi za jirani zikaanguka zikiwa mbichi. Hapo biashara ikaisha, wakanywa chai.

Wakati wa kuipakia kwenye pikapu, Kizito alifanya alichomwona babake akifanya kila alipouza ng'ombe. Kwao ng'ombe huuzwa, kamba haiuzwi. Ukiitoa kamba umetoa baraka ya zizi lote. Basi akakichomoa kile kikombe cha kupulizia, akakitia mfukoni. Hakusema kitu. Nani hutangaza mila?

Jumamosi alasiri simu ikalia.

"Baba, mdomo ya hii tuba iko wapi?" Alikuwa Fridah.

"Niko nayo."

"Uko nayo aje?"

"Si ndiyo kamba?"

Fridah akasema polepole, "Tumejaribu vikombe vyetu. Tuba imemeza viwili. Kesho saa tatu kama haijalia, Jumatatu asubuhi nakurudishia hapo kwako, mzee. Sina kazi na bubu."

Jumatatu! Kizito akaisikia ile nyundo kabisa.

Jumapili alfajiri akapanda pikipiki ya Cheruiyot, na kabla ya saa tatu walikuwa Mabanga. Bendi ilishajipanga barabarani. Fridah, tuba begani, akanyoosha mkono. Kizito akaushika mfuko wake.

"Mama, mimi si mbishi. Lakini babangu aliuza ng'ombe mia mbili, na hakuna kamba hata moja ilitoka kwa boma."

"Hata wangu aliuza. Kamba alikuwa anafunga ng'ombe wapi?"

"Si ni shingoni."

"Na wewe umebaki na mdomo! Nani huuza ng'ombe akabaki na mdomo yake? Itakula na nini, bana?"

Wapiga ngoma wakacheka hadi vijiti vikawaponyoka. Fridah akauvuta ule mshipi wa ngozi ulioshikilia tuba begani mwake. "Kamba si hii?"

Kizito akautazama. Mshipi ule ulikuwa umemchimbia mfereji begani kwa miaka thelathini, na hakuwahi kuufikiria. Aliona haya kidogo, halafu akaona raha. Akaufungua mwenyewe. Fridah akafunga leso yake mahali pake, mafundo mawili, kama mnunuzi aliyekuja na kamba yake. Kizito akakitoa kikombe mfukoni, akakifuta kwa shati, akakipachika.

"Zungusha kidogo kulia. Inapenda hivyo."

Ngoma ikaanza. Noti ya kwanza ya tuba ikatoka, na mpaka leo watu wa Lwakhakha, kule mpakani mwa Uganda, wanadai kwamba walifunga maduka wakidhani ni mvua ya mawe. Kizito alisimama kando ya barabara, mshipi begani, bega lenyewe likiwa bado limeinama upande mmoja. Tuba ilipompita akajikuta amevuta pumzi kifua tele, na hana pa kuipeleka. Akaiachilia taratibu, akaanza kuwafuata.