Mkaja wa Bi Mgeni

Maji ya kukandia yalikuwa yameshatokota, majani ya mkunazi yamegeuka rangi ya chai, na Mwaisha amelala chali mkekani akimsubiri mkandaji wake. Ilikuwa asubuhi ya kawaida ya Mikindani. Jirani alikuwa akitwanga, mbuzi wa watu wamepanda juu ya gofu la nyumba ya mawe. Bi Mgeni akaingia kwa mlango wa uani, akapiga hodi huku keshaingia, kama ilivyokuwa desturi yake. Alikuwa amezikwa juzi.

"Shikamoo, Bi Mgeni."

"Marahaba, mwanangu. Watoto wazima?"

"Wazima."

"Haya, vuta pumzi."

Mwaisha akavuta. Bi Mgeni akamkanda tumbo kwa kitambaa cha moto, kisha akautwaa mkaja, ule ukanda mrefu wa kitambaa cha marekani anaofungwa mzazi ili tumbo lirudi, akauzungusha kiunoni na kukaza fundo kwa kujisaidia na goti. Kazi yake haikuwa na kasoro. Tofauti ilikuwa moja tu: zamani maji yalimpasha moto mikono, na sasa mikono ndiyo iliyoyapoza maji. Alipomaliza akaomba radhi kwamba jana hakuweza kuja, maana watu wa matanga walikuwa wamejaa njiani na aliona haya kuwapita. Akajitanda kanga yake, akaenda zake.

Sababu ya kuja kwake ilijulikana. Alfajiri ile Mwaisha alipojifungua mtoto wake wa pili, Ismaili, mumewe Thabiti alisimama mlangoni na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Thabiti alikuwa fundi cherehani, na baraza lake halikukauka wateja. Tangu ujana alikuwa akipima viuno vya wake za watu huku ameangalia pembeni kwa adabu, na kurudi ndani kulinganisha na cha mkewe. Hakuuliza kwanza kama mtoto ni wa kiume. Alisema, "Bi Mgeni, huyu mfunge sawasawa. Usimwache mpaka niseme basi."

"Nimekubali," akajibu Bi Mgeni.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na aliyelifanya alikuwa mwanamke mzima aliyezalisha nusu ya mji. Mkaja hufungwa siku arobaini, na mkono ulioufunga ndio unaoufungua. Mwisho wake huwekwa na wanawake. Haupelekwi mdomoni mwa mwanamume hata siku moja. Bi Mgeni aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Lakini alikuwa hajalala, mtoto ametoka salama, na saa kama hizo watu hukubali kila wanaloambiwa. Kabla ya arobaini kuisha akashikwa na homa, akafa. Ahadi ni deni, naye hakuwa mtu wa kukimbia deni, ndiyo maana akarudi.

Arobaini ilipotimia, ubani ukachomwa, Ismaili akanyolewa, na Mwaisha akakaa kitako tayari kufunguliwa. Bi Mgeni akakaza.

"Bi Mgeni, si leo mwisho?"

"Mwenyewe hajasema, mwanangu."

Kiuno kikawa cha nyigu, kama wanawake wanavyotaniana, kisha kikapita utani. Kikaenea katika viganja viwili, halafu katika kimoja. Uji aliokunywa asubuhi ulifika chini alasiri. Mbeleko ikakosa pa kushika, ikawa Ismaili akibebwa anateremka polepole mgongoni mwa mama yake mpaka kwenye visigino, na binti mkubwa, Ashura, alikuwa akitembea nyuma yake ili amdake.

Thabiti alifurahi. Alimshonea mkewe magauni ya kubana, akamkalisha barazani mahali wapita njia wanapomwona. Ulikuwa ule mwaka ambao vijana wa chama walikuwa wakipiga vita vimini na mawigi, na wake za wakubwa walivaa kwa hofu. Mkaja hakuna aliyeugusa, kwa kuwa huo ulikuwa utamaduni wetu. Wanawake wakaja kutoka Chikongola, wengine kutoka nyumba za watumishi wa serikali, wakamzunguka Mwaisha, wakamtazama mbele na nyuma, wakaagiza gauni kama lile. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza anapumuaje. Watu wana macho ya ajabu. Huona mshono, wasimwone aliyeuvaa.

Mwaisha akamwendea mumewe akiwa anapiga pasi.

"Baba Ashura, mwambie Bi Mgeni basi."

"Nitamwambia."

"Lini? Pumzi inaishia hapa." Akaonyesha chini kidogo ya matiti.

"Baada ya Idi, mama Ashura. Watu watakuja kutusalimia, wakukute umependeza."

Idi ikapita. Ikaja harusi ya binti wa Chande, binamu yake Thabiti mwenye duka Chikongola, na Thabiti akasema baada ya harusi. Hakusema kwa ukali. Alikuwa mpole siku zote, na upole wake ndio ulioudhi zaidi, kwa sababu mtu mkali angalau humpa mwenziwe nafasi ya kugombana.

Mama yake Mwaisha, Bi Sharifa, akatoka kwake Chuno, akamtoa binti yake barazani na kumpeleka zahanati. Siku zile zahanati ilijaa watu waliovuka Ruvuma kukimbia vita vya Msumbiji, wengine wamebakiza mguu mmoja, kwa hiyo nesi Veronika alikuwa amezoea kuona watu waliopungua. Hakushtuka.

"Wenzako hawa walikanyaga mabomu," alisema. "Wewe dada umekanyaga nini?"

"Nimeolewa."

Veronika akachukua mkasi, akaukata mkaja. Ukaanguka sakafuni. Kiuno kikabaki vilevile, kinashikika kwa vidole, na kesho yake Bi Mgeni akaja na ukanda mpya, mweupe, wenye harufu ya karafuu maiti. Mwaisha hakumwuliza ameukata wapi, na Bi Mgeni aliuficha ubavu wake kwa kanga.

Bi Sharifa akaenda kwa Shehe Bakari. Shehe alimsikiliza mpaka mwisho, akatafakari, akasema kwamba maiti aliyetoa ahadi hafunguki mpaka aliyeahidiwa amsamehe, na kwamba jambo lenyewe lilikuwa jepesi, neno moja tu. Akafuatana naye mpaka barazani kwa Thabiti.

"Msamehe mwanamke wa watu apumzike," Shehe akasema.

"Mimi sina kinyongo naye, Shehe."

"Basi sema."

"Nitasema, inshallah," akajibu Thabiti, akawakaribisha kahawa. Hapakuwa na la kumfanya. Hakuwa amepiga mtu, hakuwa amenyima mtu chakula. Shehe akanywa kahawa yake, ikapoa, akaaga.

Asubuhi ya harusi Bi Mgeni alikaza mkaja kama siku zote, akasema, "Haya, inuka." Miguu ikainuka. Mwaisha akabaki mkekani.

Damu haikutoka. Bi Mgeni alikuwa fundi wa kazi yake, na pote pawili palipokatika palikuwa pamefungika vizuri, laini, kama kitovu cha mtoto kilichopona. Alipakagua kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Pole, mwanangu."

"Ahsante, Bi Mgeni."

"Nilikwambia mimi mwenyewe sina amri."

"Ulinambia."

Thabiti akaingia na futi kupima gauni la harusi kwa mara ya mwisho. Akamzunguka mkewe aliyelala, akaizunguka miguu iliyosimama dirishani, akatafuta mahali pa kupima. Hatimaye akaikunja futi. Alisema gauni itabidi likatwe, liwe blauzi na sketi. Harusini Thabiti akaenda na miguu iliyovaa sketi, na wageni wakausifu mwendo wake.

Kikao kilifanyika kesho yake. Mwaisha, akiwa amelazwa juu ya mto, alitaka mambo mawili: aachwe, na apewe watoto wake. Thabiti akasema hamwachi, hana kosa naye. Shehe Bakari akasema hajaona kitabu kinachomgawa mke, ila kwa kuwa mtoto mchanga hufuata ziwa, Ismaili aende Chuno na nyanya yake pamoja na sehemu yenye ziwa. Miguu ikabaki kwa mume, ilikoolewa.

"Na Ashura?" akauliza Mwaisha. "Ashura naye nakwenda naye."

"Ashura hanyonyi," akasema Thabiti kwa upole. "Na mama yake yupo hapa nusu. Si yatima huyu."

Waliondoka kwa basi la mchana. Utingo alimpandisha Mwaisha pamoja na kikapu cha mihogo, akamweka karibu na dirisha apate upepo. Ashura alisimama kando ya barabara akipunga mkono. Mwaisha alilia waziwazi, na abiria wakampa pole. Kila mmoja wao alikuwa ameacha mtu mahali fulani.

Kule Chuno maisha yakaendelea. Alimnyonyesha Ismaili, alisuka ukili wa mikeka, na sauti ikamrudia, kwa sababu pumzi sasa haikuwa na mahali pa mbali pa kwenda. Lililomtesa ni kwamba miguu aliisikia bado. Thabiti alikuwa ameiketisha kwenye cherehani, na ikakanyaga tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi bila kuchoka wala kusema, naye akabakiwa na mikono yote miwili kwa ajili ya kitambaa. Ikifika jioni magoti ya Mwaisha yaliwaka moto Chuno. Alimwomba mama yake amkande, na Bi Sharifa akaukanda mkeka mahali ambapo miguu ingekuwa. Wakati mwingine ilisaidia.

Siku moja Bi Sharifa akarudi Mikindani peke yake. Alimkuta Thabiti anakata sketi, cherehani linakwenda, na Bi Mgeni ameketi uani, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa.

"Thabiti, baba, yale yamekwisha," akasema Bi Sharifa. "Mwanangu amekwisha. Mwambie huyu mama basi, akalale."

Thabiti akaweka mkasi chini, maana alikuwa na heshima kwa wakwe.

"Mama, nikisema basi atakwenda zake. Na Ashura ndiye huyo kavunja ungo."

Bi Sharifa akapaza sauti. "Mkaja ni wa mzazi! Mwali hafungwi mkaja, tangu lini?"

"Kwa mama yake tulichelewa, mama. Alishakuwa mtu mzima, mwili umeshakaza, ndiyo maana akakatika. Mtoto akianza mapema atazoea. Na wateja wenyewe wanauliza, wengine wana mabinti." Akamsogezea kiti. "Karibu kahawa."

Palikuwa na wanawake wanne barazani wakisubiri kupimwa. Bi Sharifa akawageukia, akawaeleza kila kitu, mkaja, uji, mkeka, miguu. Walimsikiliza kwa makini. Mmoja wao, mke wa karani, akauliza kama Bi Mgeni anaweza kufika mpaka nyumba za serikali, au hawezi kwenda mbali na kaburi lake. Bi Sharifa akamshika Ashura mkono ili aondoke naye. Thabiti akamshika mkono wa pili, bila kuvuta. Ashura ndiye aliyeamua, aliuchomoa mkono wake mkononi mwa nyanya yake, akasema, "Bibi, nenda tu. Basi litakuacha." Alikuwa amekwisha kuchukuliwa vipimo vya gauni la kwanza, la rangi ya zambarau, na alilipenda. Mtoto ni mtoto, si wa kulaumiwa.

Bi Sharifa alifika Chuno magharibi. Alikusudia kutomwambia Mwaisha, lakini uso wake ukasema.

Asubuhi iliyofuata Mwaisha alikuwa akimnyonyesha Ismaili aliposikia cherehani limesimama. Miguu ilitembea hatua chache, ikateremka kizingiti, ikaketi chini na kunyooka. Baridi ya sakafu ya chumba chake cha zamani ikampanda mapajani. Kisha kitu kizito na chenye joto kikalala pale, na nywele zilizosukwa zikamkwaruza ngozi.

"Mama," akasema, "Ashura amenilalia."

Bi Sharifa akaacha kupepeta.

"Bi Mgeni kampakatisha kwangu ili atulie. Maji yapo, nauhisi mvuke wake." Akamtoa mtoto ziwani. "Nyanyuka," akasema kwa sauti. Aliiambia miguu. Akaiambia tena, akapiga kelele mpaka majirani wa Chuno wakachungulia ua, wakaona ni Mwaisha, wakampa pole na kurudi kwenye kazi zao. Aliita kwa pumzi yake yote, na sasa alikuwa nayo nyingi. Miguu haikuwa na masikio. Ilijua kukanyaga na kuacha kukanyaga, na kukaa mahali inapowekwa.

Kichwa cha Ashura kikatikisika mara ya kwanza, kikageuka upande, na paja likalowa machozi. Binti alikuwa anajaribu kuinuka. Kisha vidole vya baridi vikaligusa goti la kulia, vikaligonga polepole, kama mtu anavyomwonyesha msaidizi wake kwamba wakati umefika.

Na Mwaisha, akiwa Chuno, akahisi magoti yake mwenyewe yakimbana binti yake.