Herufi Moja ya Kunegunda

Renatha alipofika kwenye karakana ya misalaba pale Msamala, Jumatano asubuhi, ilikuwa mara yake ya tatu. Jumamosi ukoo wote ungekusanyika Matogoro kusimika msalaba kwenye kaburi la mama yake, na kibao cha jina bado kilikuwa na kosa. Mama aliitwa Kunegunda. Wao walichonga KUNEGUDA.

Mara ya kwanza Renatha alipiga kelele. Edmund, mtu wa mapokezi, alimwacha amalize, kisha akamwambia, "Mama, hata hivyo watu wataelewa tu." Mara ya pili alilia, akaahidiwa kwamba kosa litarekebishwa.

Sasa kibao kilikuwa mezani. Kati ya U na D mtu alikuwa amechomeka n ndogo kwa kalamu ya wino mzito, imepinda kama mende aliyekanyagwa. Edmund alikuwa anakula andazi. Akakipitisha kidole chake kinachong'aa mafuta juu ya jina la marehemu.

"Si unaona? N hiyo hapo."

Renatha alikitazama kidole kile kwa kinyaa. Alijua akifungua mdomo atamtukana, na akimtukana atakuwa amempa sababu ya kutomsikiliza. Akatoka nje, akavuta pumzi, akarudi na kuketi.

"Edmund, sikuja kugombana. Nisomee jina lililo kwenye fomu niliyowajazia, herufi moja moja."

Edmund alisonya, lakini akasoma. "K, U, N, E, G, U, N, D, A."

"Na kwenye kibao, zilizochongwa tu?"

Alisoma mpaka U ya pili, kidole kikakwama juu ya wino.

"Wino mvua itaufuta," Renatha alisema. "Nataka kibao kipya, kilichochongwa, Ijumaa saa sita mchana. Wewe una uwezo wa kuamua hilo?"

"Mpaka bosi."

"Basi mpigie nikiwa hapa hapa."

"Bosi hasumbuliwi hovyo."

"Sawa. Nitakaa nimsubiri."

Edmund alirudi kwenye simu yake, akawa anatazama video na kucheka huku makombo yakimdondoka kifuani. Robo saa ikapita. Akaingia mzee mmoja, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba," Renatha alimsalimu.

"Marahaba. Eti mwanangu, hawa wanachonga vizuri?"

Renatha alikigeuza kibao kimwelekee mzee. Mzee aliinama, akasoma, akamtazama Edmund, akavaa kofia yake na kuondoka.

Hapo ndipo Edmund alipompigia bosi.

Hironimus, mwenye karakana, alifika na pikipiki, viatu vimejaa vumbi la saruji. Renatha alimweleza maneno yale yale aliyomwambia Edmund, bila kuongeza hata moja. Hironimus aliikwangua ile n kwa ukucha. Ikatoka.

"Nisamehe, mama. Huyu hakuniambia kitu."

"Nilikuwa natatua," Edmund alisema, akilamba kidole.

Renatha aliomba ahadi iandikwe. Hironimus akaandika nyuma ya fomu siku, saa, na jina lote kwa herufi kubwa, akatia sahihi.

Ijumaa saa sita kibao kilikuwa tayari. Edmund ndiye aliyemkabidhi, tabasamu sikio hadi sikio. "Umeona, mama? Sisi hapa huduma ni ya uhakika."

Kinyaa kilimrudia upya, kikali kuliko cha Jumatano. Renatha alisoma jina mara mbili, akalifunika kwa kitenge, akatoka bila kuaga.

Jumamosi, baada ya sala ya makaburini, mama yake mdogo Suzana, aliyetoka Maposeni, alikipapasa kibao kwa kiganja.

"Kimependeza. Na mimi nataka cha mume wangu. Mlichongesha wapi?"

"Msamala. Bosi wao muungwana. Lakini yule wa mapokezi, mama mdogo, utatapika."

"Basi utanisindikiza, wewe uliyemzoea."

"Mimi?" Renatha alitema mate pembeni. "Nitakuchorea ramani."