Kikohozi Ndani ya Mvumo

Ilikuwa Alhamisi, saa nne na robo asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri bila kukata shauri kama yawe mvua au yakome. Mtafiti alifunga mlango wa chumba cha kusikilizia, akavaa hedifoni, akaweka kidole gumba juu ya kitufe. Chumba kilikuwa na upana wa hatua mbili. Kuta zake zilifunikwa kwa sponji ya kijivu, na mtu akipumua humo hujisikia kana kwamba ana jirani.

Kwa miaka minne alikuwa akiuliza swali moja tu: kwa nini binadamu, kila mahali, huamini kwamba yupo asiyeonekana anayewasikia? Watu arobaini walikuwa wameketi humo, mmoja baada ya mwingine, wakasikiliza dakika kumi za mvumo wa feni uliorekodiwa. Waliambiwa wabonyeze kitufe kila wanapohisi kwamba ndani ya mvumo kuna mtu. Hapakuwa na mtu. Walibonyeza hata hivyo, na waliokuwa wapweke walibonyeza zaidi. Ripoti ilitakiwa Jumatatu.

Kila Alhamisi, kwa kanuni aliyoitunga mwenyewe, alisikiliza rekodi hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote, ili kuhakikisha haijaingiliwa na sauti ngeni. Mtumishi wa maabara akibonyeza hata mara moja, rekodi huhesabiwa kuwa chafu na majibu yote yaliyotokana nayo hufutwa. Hakuwahi kubonyeza.

Dakika ya sita, mumewe alikohoa.

Kilikuwa kikohozi chake kabisa: kifupi, cha mtu anayesafisha koo mlangoni ili asimshtue aliyemo ndani. Kidole kilibonyeza kabla kichwa hakijapata habari. Nje, kwenye skrini, sifuri ikageuka moja.

Mumewe alikuwa fundi sauti wa maabara hiyo. Ndiye aliyeurekodi mvumo, peke yake, katika stoo tupu. Mwaka ulikuwa unatimia tangu afariki. Tangu hapo simu ya mtafiti iliita kwa sababu za kazi tu, na mwisho wa juma haikuita kabisa.

Fundi aliyerithi meza ya marehemu alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na maneno mengi. Wenzake walimwita Waya. Alikuwa akiitazama skrini mtafiti alipotoka chumbani.

"Bosi, umesinzia au kidole kimeteleza?"

"Sijasinzia. Nimemsikia mtu."

Waya alicheka, akauona uso wake, akacheka tena kidogo kwa adabu.

Wakati huohuo mlango wa maabara ulifunguliwa, akaingia dada wa marehemu na mwavuli unaochuruzika.

"Wifi yangu msomi! Bado unawinda mashetani kwa umeme?"

"Karibu, wifi. Umekuja kunichokoza mapema leo."

"Nimekuja kuchukua ahadi yako. Jumapili tunamwombea kaka yangu. Usiniambie una ripoti."

"Nina ripoti."

"Mwone! Hata kuomba dakika kumi? Au maombi nayo ni ugonjwa?"

"Si ugonjwa. Ni urithi," alisema mtafiti. Sauti yake ya darasani ilimjia yenyewe, naye aliikimbilia. "Zamani nyasi zilipotikisika, yupo aliyesema ni upepo, yupo aliyesema kuna mtu au mnyama, akakimbia. Aliyekimbia bure alipoteza pumzi. Aliyebaki siku moja aliliwa. Sisi ni wajukuu wa waoga, wifi. Mwili unatupa mshtuko, kisha waliotulea wanatupa jina la kuuita: huyu malaika, huyu babu, huyu jini."

"Sawa. Na macho nayo tumeyarithi?"

"Ndiyo."

"Na vinavyoonekana vipo?"

"Vipo."

"Basi masikio yamekukosea nini?"

Waya alikohoa kuficha kicheko. Wanawake wote wawili waligeuka ghafla kumtazama, naye akaomba radhi bila kujua kosa lake.

"Tukate dakika ya sita," mtafiti alisema. "Tuipime."

Waya aliketi kwenye mitambo. Mtafiti alisimama nyuma yake, mikono ndani ya mifuko ya koti. Alijua vizuri kinachosubiriwa. Kikohozi kikionekana, miaka minne imekwenda na maji, lakini mumewe yumo humo, na anaweza kumsikiliza siku yoyote anayotaka. Kisipoonekana, kazi yake imepona, na mumewe hayupo popote. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Aligundua kwamba alikuwa akiomba rekodi iwe chafu. Hakujua anamwomba nani.

Waya aliichezesha mara tatu. Feni. Feni. Feni. Mchoro wa sauti ulikwenda sawa mwanzo hadi mwisho, bila nundu hata moja.

"Safi kama ilivyozaliwa," Waya alisema kwa furaha. "Nifute hiyo moja tuendelee, bosi? Nani atajua?"

Wifi aliinua macho kuitazama dari.

"Usianze, wifi," mtafiti alisema. Kisha akamgeukia Waya. "Usifute."

"Lakini rekodi ni safi!"

"Kanuni haisemi rekodi ikiwa chafu. Inasema mtumishi akibonyeza."

"Kanuni umeitunga wewe!"

"Ndiyo maana siwezi kujifanya siijui. Watu arobaini walipobonyeza, niliandika. Mimi nina nini cha kusamehewa?"

Alichukua fomu tupu ya washiriki, akakaa kwenye kiti cha wageni, akaijaza kwa mpangilio. Umri. Elimu. *Unaishi na nani?* Swali hilo alikuwa amewasomea wote arobaini, akingoja jibu huku akitazama saa. Sasa kalamu ilisimama muda mrefu. Aliandika: *Peke yangu.* Chini yake: *Ulimsikia nani?* Aliandika: *Mume wangu.*

Wifi alisoma juu ya bega lake.

"Kumbe nawe unamsikia," alisema polepole, bila mzaha wowote.

"Nimesikia feni, wifi."

"Umeandika mume."

"Nimeandika nilichosikia."

Mchana huo Waya aliyafuta majibu ya watu arobaini, akabeba feni hadi stoo, akaanza kurekodi upya. Wifi alirudi nyumbani kwa miguu, na Jumapili aliongoza maombi ya kaka yake. Mtafiti alimwandikia mkuu wake kwamba ripoti haitakuwepo Jumatatu, na hakutaja sababu nyingine zaidi ya kanuni. Jumapili alihudhuria, akakaa benchi la nyuma, hakuinamisha kichwa, akasikiliza hadi mwisho. Saa kumi jioni alifika nyumbani, akafungua mlango, akapika, akala, akaosha sahani moja.