Spika za Mshonaji

Watu walimwita Msumari, kwa sababu neno lake likishaingia halitoki bila kuacha tundu. Kazi yake ilikuwa useremala, lakini mapenzi yake yalikuwa spika. Alitengeneza maboksi kwa mbao nzito, akafunga ndani yake spika kuukuu, kisha akazipima kwa kompyuta ya mitumba yenye ufa kwenye kioo. Vyombo vya wakubwa hakuwa navyo. Maikrofoni aliing'oa kwenye simu mbovu, akaifunga kwa utepe kwenye mpini wa fagio, na programu aliipata bure mtandaoni. Ukibonyeza, spika inatoa mluzi mmoja mrefu. Unaanza chini kama lori linalopanda mlima, unaishia juu kama mbu sikioni. Kompyuta inausikiliza, inachora mstari. Mstari ukitulia, spika inasema kweli. Ukipanda na kushuka, kuna sauti inazozitia chumvi na nyingine inazozimeza. Maelezo ya programu yalikuwa kurasa nyingi. Msumari, ambaye shule aliiacha njiani, aliyaruka akaenda kwenye picha.

Fagio alilisimamisha siku zote mahali pamoja, penye kiti cha mkewe. Mkewe alikuwa mshonaji, na sebule ndiyo ilikuwa duka lake. Majora ya vitambaa yalisimama toka sakafuni hadi darini, nguo za wateja zilining'inia ukuta hadi ukuta, na aliyetaka kupita ilibidi ayaombe njia mashati. Mluzi ukianza, mkewe alisimamisha cherehani akasema huyu mume ataita nyoka wote wa mtaa. Lakini sikio alikuwa nalo. Spika zilipoanza kukwaruza, yeye ndiye aliyegundua kwamba pete laini inayoshika ukingo wa karatasi ya spika imeliwa na miaka. Alikata bitana ya koti, akashona pete mpya kwa mkono, mishono midogo kama mayai ya chawa. Msumari akazigandisha, akapima, na mstari ukalala kama maji ya mtungini.

"Hizi ni zangu," mkewe alisema. "Kitinda mimba wetu akipata pa kukaa, mpe. Lakini mpe zikiwa hivi hivi. Usizichokonoe."

Msumari alikubali. Haukupita muda, mkewe akaugua, na ugonjwa ule haukumrudisha.

Baada ya mazishi, shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu, alimwuliza vitambaa vifanyweje. Msumari akasema viondoke vyote, na cherehani, na mapazia. Hataki kubaki na hata uzi. Shemeji akamsihi asubiri kidogo, kwani uchungu wa msiba hauna macho. Yeye akajibu kwamba ameshasema. Basi vikabebwa.

Ikawa siku yule kitinda mimba, binti yao, alipiga simu kusema amepata chumba, na atakuja kuchukua spika za mama. Msumari akazifuta vumbi, akaziwasha, akaduwaa. Sauti ilikuwa ya bati. Mwimbaji alikuwa kama ametumbukizwa kwenye pipa, na besi ilinguruma pale ilipopaswa kunyamaza. Akasimamisha fagio, akapima. Palipokuwa maji sasa palikuwa milima na mabonde. Aliufungua mstari wa zamani aliokuwa ameuhifadhi, akauweka juu ya huu mpya, na ilikuwa kama kumtazama mtu na picha yake ya kabla ya ajali.

Alijiambia ameziacha bila kuzipiga hadi unyevu umeziharibu, na ahadi aliyompa marehemu imeoza humo humo ndani ya boksi. Akabadilisha nyaya, akapima: milima. Akaongeza pamba ndani, akapima: milima. Zikabaki zile pete. Alizitazama muda mrefu. Kitambaa ni kitambaa, alijiambia, nacho huchoka. Akashika kisu, akazikwangua, akabandika pete za mpira za dukani. Zile za bitana zilitoka vipande vipande, zimejaa gundi. Akazifagia pamoja na vumbi la mbao, na gari la taka likapita likazichukua.

Akapima. Milima ilikuwa pale pale, na bonde jipya limezaliwa katikati.

Siku moja kabla ya binti kufika, shemeji alisimama mlangoni na mkokoteni wa mafurushi. Alisema nguo nyingine amewapa wenyewe, lakini majora haya yanamtoa nyumbani kwake, na kwake si ghala. Msumari akifunga mlango, atayaacha hapo hapo nje yanyeshewe. Msumari akanung'unika, akayapanga ukutani. Shemeji alipoondoka, akawasha muziki ili afagie, na fagio likamganda mkononi. Mwimbaji alikuwa ametoka kwenye pipa.

Akapima. Milima ilikuwa imelala, isipokuwa lile bonde jipya. Akayatoa mafurushi yote uani, akapima: milima ikasimama. Akayarudisha: ikalala. Jirani aliyekuwa akimwangalia alimwuliza kama anahama au anahamia. Msumari alikuwa ameshaigeukia kompyuta.

Spika hazikuwa na kosa lolote. Miaka yote vitambaa vilikuwa vikinywa mwangwi wa sebule, na yeye akidhani anapima spika peke yake. Kilichoharibika ni chumba, na aliyekiharibu ni yeye, kwa neno moja. Kilichokuwa kizima alikikata kwa kisu.

Binti alifika kesho yake. Alisalimia, akapiga magoti mbele ya boksi, akapitisha kidole kwenye ukingo wa spika taratibu, akizunguka kama anayetafuta mlango.

"Baba, mshono wa mama uko wapi?"

Angeweza kusema umeliwa na mende.

"Nimeutoa. Nilidhani umeharibika, kumbe ulikuwa mzima."

"Umeuweka wapi?"

"Nimeutupa."

Binti hakulia. Alitaka kujua ni nini kilichomwambia kwamba umeharibika, na Msumari akamweleza yote, mluzi na mstari, mafurushi kutoka na kuingia. Binti alisikiliza hadi mwisho.

"Mbona mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba nyumba imebaki tupu. Kila nikikupigia simu, sauti yako ilikuwa kama uko ndani ya tangi. Nikajua umevitoa vitu vya mama vyote. Nilitaka kukuuliza, ila wewe baba ukiulizwa unang'ata."

Msumari akakaa juu ya furushi. Alizikumbuka simu zile: habari za kazi, habari za afya, haya kwaheri. Swali moja tu lingetosha, na mtoto wake mwenyewe alikuwa nalo mdomoni, akalimeza kwa kumwogopa.

Binti akasema atazichukua hivyo hivyo. Msumari akaanza kueleza kwamba kuna bonde limebaki, akipewa siku mbili tatu na kitambaa chembamba anaweza kujaribu.

"Usiziguse tena, baba."

"Haya. Sitazigusa."

Wakabeba boksi la kwanza, binti huku na yeye kule, na mlangoni Msumari akatangulia kinyumenyume, akiangalia kona zisigonge.