Ruhusa ya Otiende

Yunia alimfunga jogoo miguu, akamtia kapuni, akashika njia ya Kericho kumfuata mumewe. Ilikuwa mwaka 1931. Otiende aliandikishwa kazi ya chai kwa miezi sita, na sasa mwaka wa nne ulikuwa unakwenda. Yeye ndiye kifungua mimba kwao, na kwa Wajaluo wadogo hawatii mbegu ardhini kabla ya mkubwa wao. Shamba lilikuwa magugu matupu. Ndugu zake wawili, Ojwang na Alfayo, walikuwa wamekonda hadi kutia huruma.

Mji wa chai ulikuwa nyuma ya kilima, na humo ilikuwa saa nne asubuhi. Ilikuwa saa nne tangu ulipofunguliwa. Wakuu wa mji walizikusanya siku zote za kalenda wakazifungia ghalani kwa matumizi yao wenyewe. Walikula Krismasi kila walipojisikia, na wakitaka kuwinda walitoa ghalani Jumamosi tatu mfululizo. Wafanyakazi hawakuwa na siku hata moja, kwa hiyo miezi sita ya mtu haikuisha. Jani likichumwa lilichipuka tena kabla kapu halijajaa.

Alimkuta Otiende na shati lilelile aliloondoka nalo, bado halijachafuka.

"Umenifuata mbio hivi?" Otiende alicheka. "Hata kapu la kwanza sijamaliza."

"Baba Amolo, mtoto analala njaa. Kuja upande mbegu, halafu urudi."

"Basi niombee ruhusa kwa karani. Nikitoroka watanifunga."

Karani, mtu mnene mwenye adabu zake, alimpokea jogoo kwa mikono miwili. Akapeleka shauri kwa wakuu, nao wakaipiga mhuri barua ya ruhusa bila kinyongo. Yunia alifurahi hadi machozi yakamtoka.

"Imekubaliwa, mama," karani alisema. "Inaanza kesho."

"Na kesho iko wapi?"

"Iko kwa ghala. Hiyo ni ya wakubwa."

Yunia alimpa mumewe barua yake, akatoka peke yake. Langoni miaka mitano iliyokuwa imepita huko nje ilimwangukia kwa mara moja: kichwa kikajaa mvi, meno mawili yakang'oka, magoti yakakaza. Askari wa lango akampa fimbo. Alikuwa na fungu zima la fimbo kwa kazi hiyo.

Karibu na Sondu alikutana na Ojwang na Alfayo, blanketi begani, wakienda kuandikishwa.

"Shemeji, Amolo tulimzika mwaka juzi," Ojwang alisema. "Ni njaa."

Yunia alikaa chini kando ya barabara akalia. Alipoweza kusema, aliwaeleza yote: jua lisilosogea, ghala, barua yenye mhuri. Hakuwaficha neno. Aliwasihi warudi nyumbani.

Ojwang alisikiliza mpaka mwisho.

"Na posho, huko wanapewa?"

"Wanapewa."

Ojwang akamtazama Alfayo. Wakainuka, wakakung'uta vumbi, wakamuaga shemeji yao kwa mkono, wakaendelea kupanda kilima.