Sinema ya Hajira

Kila Jumatatu, ofisini kwao Kibaha, Hajira alisimulia filamu mpya aliyoitazama katika ukumbi wa sinema huko Dar: viti laini, kiyoyozi, bisi za moto. Kabula, wa meza ya pili, alisikiliza roho ikimuuma. Mshahara wao sawa. Kwa nini mwenzake ale raha, yeye aambulie masimulizi?

Jumamosi uvumilivu ukamshinda, akajitosa kwenye kibanda umiza, banda la video la mtaani Tangini, akabanana na vijana kwenye benchi. Filamu ilikuwa mpya, imetafsiriwa Kiswahili, na mtafsiri, kama ilivyo kawaida yao, alimbatiza jambazi wa Kizungu jina la kujitungia: Mjomba Mahona wa Kwala.

Jumatatu Hajira akaanza: “Jamani, Mjomba Mahona alipotupwa mtoni, ukumbi mzima ulisimama!”

Kabula alishtuka. Jina hilo alilitunga mtafsiri wa kibandani, Dar wangelijuaje? Kumbe na huyu hukaa benchi lile lile! Akafungua mdomo amuumbue.

Lakini ofisi nzima ilikuwa imeacha kazi, inamtazama Hajira anavyopiga mbizi hewani. Kabula akaufunga mdomo, roho ikimuuma kuliko mwanzo. Filamu hiyo aliiona kwa macho yake mwenyewe, na bado ya Hajira ilikuwa tamu zaidi.